Nani Aliwaambia Waunguja?

Mmeniuliza kisimani, mmeniuliza kanisani, wengine mmenijia hadi mlangoni, na kila anayeuliza ana jicho moja kwangu na jingine mdomoni mwa mwanangu. Nimechoka kujibu vipande vipande. Naandika mara moja, karatasi hizi mpeane, na atakayetaka kutia chumvi atie, ila asiseme kaipata jikoni kwangu.

Habari za barua za mwaliko na ruhusa za mabwana wakubwa siziandiki. Muulizeni Bwana Jiva, yeye anazipenda. Mimi naanza na jino.

Tabita alikuwa na miezi saba. Asubuhi moja nilimpa titi akaniuma, na kilichoniuma kilikuwa juu. Nikampeleka dirishani nikamfunua mdomo: meno mawili ya juu, meupe kama punje za mchele, na chini ufizi mtupu. Nyote mwajua mtoto wa namna hiyo huitwaje. Kigego. Mwajua wasemavyo, kwamba atawamaliza watu wa kwao mmoja mmoja, na mwajua zamani alikuwa akipelekwa mwituni na aliyempeleka akarudi mikono mitupu. Siku hizi hawampeleki mwituni. Siku hizi humvisha nguo safi wakampeleka kwa mapadri, mbali, alelewe na wasiomjua, na mama mtu huambiwa ashukuru.

Mimi nimesoma. Nilikaa shule ya misheni mpaka darasa la juu kabisa wanalofundishwa wasichana, na mito ya Bara Hindi naweza kuwatajia bila kukosea. Siamini kigego. Lakini nawaogopa wanaoamini, na wa kwanza wao ni mama mkwe wangu, aliyekuwa akija kila asubuhi kumpapasa mjukuu wake ufizi. Siku tatu nilimwambia mtoto amelala. Siku ya nne akaniuliza kama nimezaa mtoto au nimezaa popo.

Yakobo mume wangu, mwamjua, karani wa forodha, yeye nilimwonyesha. Alitazama, akaufunga mdomo wa mtoto kwa kidole chake, akasema, "Tungoje ya chini." Hakusema zaidi. Mume asiposema zaidi mimi sipati usingizi.

Ndipo ikaja safari ya kriketi. Mzungu mmoja mwenye shamba la mkonge karibu na Takaungu alikuwa na uwanja uliosawazishwa vizuri, akaialika timu ya Malindi icheze na timu ya Waunguja, ambao walikwisha kuja Mombasa wakawapiga watu wa Mombasa vibaya. Waunguja ni nchi nyingine. Bendera nyekundu ya Sultani ni moja, ndiyo, lakini stempu yao haipiti kwetu na yetu haipiti kwao, na wao hawakosi kutukumbusha. Yakobo ni mpigaji mzuri kuliko wote tulio nao. Safari nzima siku kumi. Nikahesabu: siku kumi zinatosha jino la chini. Nikafunga mzigo wangu kabla hajanikataza.

Malindi hadi Gedi

Tulitoka wanaume kumi na wawili, punda wanne, na mwanamke mimi peke yangu. Nahodha wa timu ni Bwana Jiva, yule yule mwenye duka la nguo, Mhindi asiyekula nyama, mwenye sufuria yake asiyomwazima mtu. Ni mtu mwema, mwenye kucheka, na kwa sababu hiyo nilimshuku kabla ya wengine wote. Kila tulipopumzika alikuja na kipande cha sukari guru, akakunja uso kama nyani mbele ya Tabita ili mtoto acheke. Mtoto akicheka mdomo unafunguka. Nikawa namgeuza kila mara.

"Mama Tabita, sura yangu mbaya sana?" akaniuliza.

"Jua linamwumiza macho, Bwana Jiva."

"Tuko kivulini."

Nikamwambia kivuli nacho kinamwumiza.

Wa pili niliyemshuku ni Kazungu, Mgiriama, mrushaji wetu wa mpira, ambaye ndiye aliyewaongoza punda. Hurusha mpira kama mtu aliyezoea kumpiga ndege kwa jiwe, maana ndivyo alivyojifunza. Huyu hakukunja uso wala hakuleta sukari. Alikuwa akimtazama Tabita tu, kimya, kisha akaangalia mbele. Anayemtazama mtoto wa mwenziwe bila kumsifu wala kumsemesha ana lake moyoni.

Njiani walifanya mazoezi ya maneno. Msicheke. Waunguja, kama kila mtu alivyosikia, hucheza kriketi kama ngoma ya mashindano: nusu ni mpira, nusu ni mdomo. Na ngoma za mashindano sisi sote wa pwani twazijua. Pande mbili huambiana mambo ambayo sokoni yangetoa visu, na zikimalizika watu hula sinia moja. Sharti ni moja tu: aliyekasirika ameshindwa.

Bwana Jiva hakutaka. Alisema kriketi ni mchezo wa kimya na wa heshima.

"Basi wewe nyamaza kwa heshima," Kazungu akamwambia, "na mimi nitawasema kwa niaba yako."

"Hujui kusema."

"Bwana Jiva, wewe ukikimbia kivuli chako kinakupita."

Watu wakacheka hadi punda mmoja akasimama. Aliposimama akalala, na akiwa amelala hakutaka kuinuka, naye ndiye aliyebeba magongo yote ya kupigia mpira. Tulikaa pale mchangani karibu na Gedi tangu jua la saa nne mpaka alasiri, tukala mihogo ya kuchoma, na Bwana Jiva akala wali wake wa dengu akiwa amempa mgongo kila mtu. Punda akainuka mwenyewe, kwa hiari yake, wakati hakuna anayemwomba.

Mida

Pale Mida njia yashika kando ya mikoko, na sisi tulifika maji yamejaa. Hakuna la kufanya ila kungoja yapwe. Tulimkuta hapo tarishi wa barua, atoka Takaungu aenda Malindi, naye angoja vile vile. Mwanamke mmoja alikuwa akikaanga samaki, tukanunua, tarishi akala wa kwake kisha akala wa Yakobo.

"Mtacheza na Waunguja," akasema. "Poleni. Mdakaji wao, yule anayekaa nyuma ya vijiti, aitwa Feruzi. Mtu mfupi hivi. Mpira audaka kwa mikono, lakini watu awatoa kwa mdomo."

"Asemaje?" nikamwuliza.

"Asema la kwako. Kule Mombasa alimtajia mtu jina la mwanamke aliyemkataa, mbele ya halaiki nzima. Yule mtu akapiga hewa."

"Alilijuaje?"

Tarishi akalamba vidole. "Huuliza. Hata mimi aliniuliza: Malindi kuna nani na nani, fulani ana nini, fulani ana nini."

"Ukamwambia?"

"Nilikuwa siwajui." Akatutazama mmoja mmoja. "Sasa nawajua. Na kesho kutwa nitakuwa nimekwisha rudi Takaungu, maana mguu wangu si wa punda." Kisha akamwinamia Tabita, ambaye nilikuwa nimemfunika kwa ncha ya kanga. "Mtoto mzuri. Mbona umemfunga mdomo kama mtungi?"

Nikamwambia kuna upepo. Hata jani la mkoko halikuwa likitikisika. Yakobo alinitazama, nikajua naye anafikiri ninachofikiri.

Kibarani

Siku ya tatu tulifika Kibarani, ng'ambo ya kaskazini ya mlango wa bahari wa Kilifi, tukapokewa na nyanya yake Kazungu. Wao humwita hawe. Hawe Kadzo alituandalia sima na mchicha wa nazi na kuku wawili, akamwandalia Bwana Jiva mahali pa kupikia peke yake bila kuombwa, jambo ambalo hata watu wa mjini husahau. Kisha akamkorogea Tabita uji mwepesi. Akachovya kidole, akapuliza, akakipeleka mdomoni mwa mtoto.

Nilimshika mkono. Nilimshika kwa nguvu kuliko nilivyokusudia.

Watu wakaacha kutafuna.

"Mwanangu," akasema, "mkono wangu una nini?"

"Hauna kitu, hawe."

"Hauna kitu." Akaukomboa mkono wake. Akakitwaa kibuyu cha uji, akanywa wote mpaka tone la mwisho, akinitazama usoni, ili kila mtu aone kwamba haukuwa na sumu wala uchawi. Kisha akaingia ndani.

Kazungu alinifuata nje. "Shemeji, umemwita nyanya yangu mchawi nyumbani kwake."

"Sikusema neno."

"Naam. Hukusema neno."

Ningemwambia nini? Kwamba nilichoogopa si kidole chake bali ambacho kidole chake kingekikuta? Asubuhi Hawe Kadzo hakutoka kutuaga. Tukawaacha punda kwake, tukavuka kwa mtumbwi, na nilikuwa nimemkosea mtu mzima na nalijua.

Takaungu, siku ya kwanza

Waunguja walikuwa makarani na walimu, mashati yao meupe yamepigwa pasi hadi mikononi. Walituletea sinia la visheti. Sikula. Feruzi mwenyewe alikuja, kweli mfupi, macho ya upole, akaniamkia vizuri sana: "Hujambo, mama? Mtoto hajambo? Poleni na safari." Mtu anayetengeneza maneno ya kuwavunja watu anapokuwa na adabu namna hiyo, jihadharini naye. Na kabla mchezo haujaanza nikamwona tarishi. Alikuwa amefika kama alivyosema, na alikuwa amesimama na Feruzi, wanacheka.

Mchezo mnaujua, mmewaona wakicheza nyuma ya forodha. Waunguja walitangulia kupiga, wakapata mbio tisini na nne. Kazungu alijitahidi kwa mikono na kwa mdomo. Alimwambia mwalimu mmoja mnene, "Mwalimu, ukitoka hapo uwanja utakuwa umeongezeka." Hata Waunguja wenyewe walicheka, na mwalimu akainua kofia. Hivyo ndivyo itakiwavyo.

Kisha wetu wakaingia kupiga. Tabita akaanza kulia, nikaenda kumnyonyesha nyuma ya banda la mkonge, na nikakaa huko muda mrefu nikisikia vicheko tu bila maneno. Niliporudi ilikuwa zamu ya Yakobo. Nikakaa karibu na kamba, upande ule ule alipochuchumaa Feruzi.

Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayealika arusi. "Karani, gongo hilo walishika kama kalamu. Hapa hakuna wa kumwandikia."

Watu wakacheka. Mimi pia nilikuwa karibu kucheka, maana ni kweli hulishika hivyo. Yakobo akapiga, akakimbia, akapata mbili. Akarudi mahali pake. Mrushaji akaanza kuja mbio.

"Karani," akasema Feruzi, "mpira wakukimbia wewe. Nyumbani kwako kuna mtu ameota meno ya juu."

Yakobo aliinuka. Aliuacha mstari wake, akamgeukia Feruzi, na gongo likamponyoka mkononi, na mpira ukapita ukaviangusha vijiti vyote vitatu, akawa ametoka.

Sikumbuki kuivuka kamba. Nakumbuka nilikuwa katikati ya uwanja na mtoto kiunoni, na mzungu mwamuzi ananiambia kitu kwa Kiingereza, na mimi namwambia Feruzi, "Nani amekwambia?"

"Amenambia nini, mama?"

"Usinifanye mjinga. Nani amekwambia mtoto wangu ameanza na meno ya juu? Huyo tarishi? Au Jiva? Nani?"

Hapo ndipo nilipoziona nyuso. Feruzi hakuwa na uso wa mtu aliyeshinda. Kinywa chake kilikuwa wazi. Waunguja walikuwa wakitazamana. Watu wetu nao walikuwa wakimtazama Tabita, ambaye alikuwa akilia kwa nguvu zake zote, na akilia mdomo unafunguka.

Bwana Jiva alikuja, akasema taratibu, "Mama Tabita. Hata mimi aliniambia. Aliniambia dukani kwangu kuna wa meno ya juu, ndiyo maana nguo zangu zinaliwa na panya."

"Mimi aliniambia ni mimi mwenyewe," Kazungu akasema. "Kwamba nilitupwa mwituni, mwitu ukanirudisha."

Humwambia kila mtu. Ni usemi wake, kama vile wengine humtajia mtu kipara chake au miguu yake. Tarishi hakusema kitu, Jiva hakusema kitu, hakuna aliyewaambia Waunguja. Niliyewaambia ni mimi, mbele ya nchi mbili, kwa sauti ya kusikika mpaka baharini.

Tulitolewa wote kwa mbio arobaini na moja, na hakukuwa na mtu Takaungu aliyekosa sababu ya kutoa.

Bado siku ile ile

Sitayaandika yote. Wenzetu watatu waliondoa mizigo yao chumbani walimokuwa wamelala karibu nasi. Bwana Jiva hakuondoa wake, lakini aliusogeza. Kazungu alikaa mlangoni akitazama nje. Mzee mmoja wa Takaungu, mtu wa heshima, tukamwamkia shikamoo akaitikia marahaba, akamchukua Yakobo pembeni. Alimwambia kuna mapadri anaowajua, watu wema, na kwamba mtoto bado mdogo, hatakumbuka. Alisema tena, kwa upole mkubwa, kwamba mama naye bado kijana na atazaa wengine.

Nilikuwa hatua tano kutoka hapo. Nilimsikia Yakobo akimjibu.

"Nitafikiri, mzee."

Nilimngojea aingie. "Utafikiri nini?"

"Ningemjibuje? Ni mtu mzima."

"Ungesema hapana. Ni neno fupi."

"Mama Tabita, watu wamechafukwa. Kesho kaa ndani na mtoto, wacha jambo lipoe. Tukishinda hakuna atakayekumbuka."

"Na mkishindwa?"

Akaenda kulifuta gongo lake. Basi nikajua mahali mwanangu alipowekwa. Amewekwa juu ya gongo la baba yake, na baba yake analishika kama kalamu.

Siku ya pili

Sikukaa ndani. Nilitoka na Tabita kichwa wazi, nikakaa mbele kabisa penye kamba, nikamwelekeza uso uwanjani. Kushoto kwangu pakawa tupu na kulia kwangu pakawa tupu. Sawa. Palikuwa na hewa nzuri.

Kazungu aliwatoa Waunguja saba bila kusema hata neno moja. Walipomaliza kupiga mara ya pili, sisi tukawa tunatakiwa mbio mia na kumi na mbili. Na Feruzi naye hakusema. Mchana kutwa alichuchumaa nyuma ya vijiti kama mtu aliye msibani. Kimya chake nilikishuku kuliko maneno yake.

Saa ya chakula alikuja mpaka kwangu, kofia mkononi. Watu wote wakatazama.

"Mama, niwie radhi. Sikujua."

"Ungejua, ungesema?"

Alifikiri kweli, hakukimbilia jibu. "Ningesema. Ila si mbele yako."

"Basi radhi unaniomba ya nini?"

"Ya kwamba uliyasikia," akasema, na akaondoka. Ningali nalifikiri jibu lile. Silipendi. Lakini hakunidanganya, na siku zile mbili walionisemesha kweli hawakuwa wengi.

Wetu walipiga vizuri. Wakatoka mmoja mmoja, lakini vizuri, na Yakobo akabaki, hesabu ikapanda, mpaka akawa yeye na Bwana Jiva tu, wa mwisho, na zimebaki mbio tano tushinde. Nyuma yangu watu wakaanza. Mmoja akasema, "Leo mtoto ameleta heri." Mwingine akamjibu, "Ngoja kwanza. Akitoka, ni yule yule mtoto." Nikageuka nikawatazama. Waliangalia juu.

Mpira ukaja. Yakobo akaufuata kwa gongo, ukampita, Feruzi akaudaka, na Waunguja wote wakaruka mikono juu, kwamba mpira umegusa gongo kwanza, kwa hiyo ametoka. Mzungu akatikisa kichwa. Yeye hakusikia kitu, hajatoka. Watu wetu wakapiga vigelegele kana kwamba tumekwisha shinda.

Yakobo alimtazama Feruzi. Feruzi alikuwa na mpira mkononi na hakusema kitu. Nawaambia, kama angesema neno lolote lile, mume wangu angebaki palepale na kupiga mpira hadi Mombasa. Lakini hakusema.

Yakobo akalitia gongo kwapani, akaanza kutoka uwanjani.

"Rudi," Bwana Jiva akamwita. "Yakobo, rudi, bwana mwamuzi amesema hujatoka."

"Umegusa gongo."

"Nani amesikia?"

"Nimeusikia mimi mkononi." Akafika penye kamba, mbele ya wale waliokuwa nyuma yangu, akasimama. Hakupaza sauti. "Leo nimetoka kwa mkono wangu. Jana nilitoka kwa hasira yangu. Sikutolewa na mtu mwingine. Anayetafuta wa kumlaumu, ndiye mimi, na jina langu analijua." Kisha akamtafuta kwa macho yule mzee wa Takaungu, akampata. "Na lile ulilonambia, mzee, hapana."

Akanipokea mtoto. Tukashindwa kwa mbio nne.

Mtaniuliza kama nilifurahi. Nilitaka kumbusu na nilitaka kumpiga kwa gongo lake mwenyewe, maana neno lile lilikuwa fupi vile vile jana.

Waunguja walipiga makofi, Feruzi wa kwanza. Walituita tule nao sinia moja, kama ada ilivyo. Timu yetu haikwenda, hata aliyetamani pilau hakwenda, kwa kuwa walikuwa wamekasirika. Tulikwenda sisi watatu. Nilikula, ila kila tonge nililigeuza kwanza.

Kurudi

Tuliporudi watu walitembea mbele, sisi nyuma. Walikuwa na haki ya kununa, walitoka mbali kuja kushindwa na mtu mkweli.

Kwenye mlango wa Kilifi palikuwa na mitumbwi miwili. Wanaume kumi wakajipakia katika mmoja, ambao ni wa watu sita, na ule wa pili wakatuachia sisi na mtoto wetu, mtupu. Mtumbwi wao ukazama mpaka vidole vinne tu juu ya maji. Hakuna aliyecheka. Kazungu, aliyekuwa kati yao, akautazama ukingo, akayatazama maji, akasema, "Hawa watakufa bila kigego yeyote." Akatoka, akaja kwetu, akakaa ncha ya mbali kabisa, ameshika ukingo kwa mikono miwili.

"Usidhani nimekupenda, shemeji," akanambia. "La nyanya yangu bado ninalo. Ila hesabu yao ni mbaya."

Bwana Jiva naye, aliyebaki ufukweni, akaja kwetu na sufuria yake kichwani. Alisema sufuria haitaki kulowa. Mtumbwi ulipofika kati Tabita alimcheka, meno nje, naye Bwana Jiva akageuza uso kwanza, kisha akaurudisha, akaukunja kidogo.

Kibarani nilikwenda moja kwa moja kwa Hawe Kadzo. Nikapiga magoti, nikamwambia nilichoficha, nikamfunua mtoto mdomo. Alitazama kwa muda, akarudi nyuma hatua mbili.

"Kumbe ni hiki tu," akasema. "Mwanangu, ningeogopa. Hata sasa naogopa." Akaingia ndani, akatoka na uji, akauweka chini kati yangu na yeye, akasimama mbali. "Lakini uji angekunywa."

Tabita akanywa wote.

Hapa nyumbani mengine mmeyaona wenyewe. Mama mkwe alipokuja asubuhi ile, aliyemfungulia mlango ni Yakobo, na aliyemfunua Tabita mdomo ni Yakobo, na lililosemwa baada ya hapo ni la mama na mwanawe, siliandiki. Hajaja tena. Kazungu hupita asiingie. Bwana Jiva huingia. Jino la chini limetoka juzi, upande wa kulia. Halibadilishi kitu, nawaambia tu kwa kuwa mtauliza.

Sasa mmekwisha soma. Mwenye kuja kukaa aje, chai ipo. Mwenye kuja kuchungulia mdomo nitamwonyesha wangu.